Jina la Mtu Aliyefia Ugenini

Walisema sitafika Pasaka. Kaspari alisema hivyo akiwa amelala chali kwenye mkeka wake, chumbani kwetu Igogo, mjini Mwanza, miguu yake mirefu imeegemea ukuta: "Huyu Lusangija hawezi kukaa na jambo moja mpaka liive. Atabatizwa kichwa, miguu iwe imeshaondoka." Fundi cherehani wa barazani, pale dukani nilipokuwa nikifanya kazi, alisema nitaiacha dini kabla hajamaliza kunipima kanzu. Mama aliyepanga chumba cha pili, ambaye alisikia kila neno letu kupitia ukuta wa fito na udongo, alisema hata nikikubaliwa na Padre sitakubaliwa na bibi yangu. Na wote walikubaliana kwamba chuo cha walimu kule Uganda, ng'ambo ya ziwa, hakikujengwa kwa ajili ya mtoto aliyekua akifuata mikia ya ng'ombe. Leo diploma yangu imetundikwa sebuleni, ndani ya fremu ya mvule, mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuiona. Nimewafundisha kusoma watoto wa watoto wa watu walionicheka. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Kaspari, na pale makaburini, nikiwa nimepewa kiti cha mbele kama ninavyostahili, niligundua kwamba hakuna mwingine aliyebaki anayekijua kile chumba.

Kilikuwa chumba kidogo, cha mlango mmoja na dirisha lisilo na ubao. Mikeka miwili, sanduku la Kaspari, mtungi, na kamba ya kuanikia nguo iliyokatiza katikati kiasi kwamba kila aliyeingia aliinama kama anayeingia kanisani. Jirani walianika dagaa mbele ya mlango, na harufu yake iliingia hata katika madaftari yangu. Kaspari alikuwa mchukuzi bandarini, mkubwa kuliko mimi kwa miaka kama sita, mbatizwa wa zamani, mwenye mabega ya fahali na ulimi wa wembe. Jioni alirudi na samaki, sato mmoja au furu wachache, akapika yeye, kwa kuwa mimi, alisema, nilikuwa nasonga ugali kama mtu anayekimbizwa. Alikuwa sahihi. Mwaka ule sikuweza kutulia. Nilikula nimesimama. Nilisoma katekisimu nikitembea kutoka Igogo mpaka dukani na kutoka dukani mpaka misheni. Ulikuwa mwaka wa nzige, na mara nyingine nimefikiri kwamba walipopita juu yetu waliniachia kitu chao mwilini. Lakini nilikariri. Katika wakatekumeni wote, sisi tuliokuwa tukijiandaa kubatizwa, hakuna aliyejibu maswali kwa kasi yangu, na Mwalimu Filipo, katekista wetu, Mkerewe mdogo mwenye baiskeli kubwa kuliko yeye, alilazimika kuniambia, "Subiri niulize kwanza, ndipo ujibu."

Kabla ya Kwaresima alitutangazia kwamba kila atakayebatizwa alete jina. Wengine walichukua la kwanza lililowajia, Petro, Paulo, Andrea, kama watu wanaochagua majembe. Mimi nilifikiri siku tatu, nikasimama mbele ya darasa nikasema Yosefu. Mwalimu Filipo akafurahi. "Vyema. Seremala, mtu mnyenyekevu, mlezi wa Bwana wetu." Nikamwambia hapana, si huyo. Nataka yule wa zamani, mwana wa Yakobo, aliyeota ndoto, akauzwa, akawa mkubwa wa Misri yote chini ya Farao, mpaka ndugu zake wakaja kumwinamia. Darasa zima lilicheka. Mwalimu alikuna kidevu akasema nitabatizwa Yosefu, na habari ya Yosefu gani nitapatana mwenyewe na mbingu. Usiku Kaspari alipopata habari aliinua kifuniko cha sufuria akaniwekea kichwani. "Haya, waziri wa Farao, njoo uoshe vyombo."

Siku mbili baadaye nilikuwa nyuma ya ghala la misheni, nikipita njia ya mkato, nikasikia sauti ya Padre na ya Mwalimu. Nilisimama, kwa kuwa walikuwa wakinitaja. "Huyu kijana ana akili," Padre alisema, "lakini anataka jina kama mtu anavyotaka kofia. Apate kwanza ruhusa ya mzee wake. Mwaka jana mzee mmoja alikuja kumtoa mtoto kwenye mstari, maji yako tayari. Sitaki tena." Mwalimu akauliza, "Na asipopata?" Padre akasema, "Atasubiri Pasaka nyingine." Mwalimu akasema polepole kwamba chuo kinapokea waliobatizwa tu, na nafasi iliyopo ni ya mwaka huu.  Nikasikia viatu vya Padre vikiondoka kwenye changarawe. Basi hapo ndipo nilipojua kitu kizima kilivyokaa: bila neno la bibi yangu sina ubatizo, bila ubatizo sina chuo, na bila chuo ningebaki kupima chumvi dukani mpaka nizeeke.

Habari za ukoo wetu sitazieleza hapa, zina mahali pake. Hili moja linatosha. Aliyenilea alikuwa Bibi Nyanzobe, na mimi nilikuwa na jina la mumewe marehemu, kwa hiyo aliniita mume wangu. Si mzaha wa mara moja kama bibi wengine wanavyowatania wajukuu. Alinipakulia kwanza. Aliniuliza shauri la mbegu. Nikikosea alininunia kama mke anavyonuna, bila kunipiga. Nilikwenda Kigongo kutwa nzima kwa miguu, nikavuka kwa mtumbwi mpaka Busisi, nikalala kwa watu, na kesho yake mchana nikaingia uani kwake. "Mume wangu," akasema, "umekonda. Huko Mwanza wanakulisha samaki tu?" Akaniletea matobolwa, vile viazi vyetu vilivyochemshwa vikakaushwa, na kibuyu cha maziwa mgando. Nikala huku nikisema, nikasema yote kwa pumzi moja, ubatizo, chuo, jina.

Alikuwa akichambua mtama. Hakuacha. "Huyo Yosefu," akauliza, "ni wa ukoo gani?"

"Si wa ukoo wetu, Bibi. Ni wa kwenye Maandiko. Alikuwa mtu mkubwa."

"Ukubwa nimesikia. Alioa wapi? Wakwe zake walimsifu? Alikufaje, na alizikwa na nani?"

Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Mimi ndiye niliyekariri katekisimu nzima. Nilijua ndoto na nilijua kiti cha enzi. Ya katikati niliyapita mbio.

"Unabeba jina la mtu usiyemjua?" akasema. "Hata mbuzi hatununui hivyo. Wewe ulipozaliwa ulilia siku tisa. Tulikutajia majina ya wazee mmoja mmoja, ukalia tu, mpaka sauti ikakauka. Tulipotaja Lusangija, ukanyamaza, ukanyonya. Mimi nilikuwepo, nilikushika mimi. Niliinama nikasema, karibu mume wangu, umechelewa. Sasa waniambia utakwenda kumwagiwa maji na mwingine aingie. Sawa. Niambie basi anayeingia nyumbani kwangu ni nani. Rudi ukaulize."

Sijapata kutembea kwa hasira kama nilivyotembea siku mbili zile za kurudi. Nilijisemea kwamba bibi mzee asiyejua herufi hawezi kumtahini kijana kama mimi. Lakini nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Filipo, na mavumbi yangu, nikamwambia anisimulie Yosefu kutoka shimoni mpaka kaburini. Alinisimulia alasiri nzima, akitengeneza mnyororo wa baiskeli. Nami nikarudi tena. Ruhusa ya kwenda niliipata kwa taabu. Mwenye duka alinuna, ila mkewe, Mama Jamna, Mhindi aliyezaliwa hapahapa Mwanza na kukijua Kisukuma kuliko makarani wengi, alinisukumia chapati mbili mkononi akasema, "Nenda. Mwanamke mzee haulizi mara mbili bila sababu."

Safari hii nilisimulia vizuri, ni lazima niseme. Jirani walisogea na vigoda vyao. Waliguna nduguze walipomvua kanzu, na mzee mmoja alitema mate waliposhika fedha za kumuuza. Waliupenda sana ufugaji wa familia ile, na katika ndoto ya Farao, ng'ombe waliokonda walipowala walionona, mtu mmoja alisema, "Hiyo si ndoto, hiyo ni mwaka huu." Bibi pekee hakuguna. Aliponisikia nimefika kwenye utukufu, magari ya Farao na pete ya kidoleni, akaniinulia mkono.

"Ngoja. Baba yake alikuwa bado hai?"

"Alikuwa hai, Bibi. Alikuwa analia. Aliambiwa ameliwa na mnyama."

"Na huyu mwenye magari na watumishi, alituma nani kumwambia baba yake kwamba yu mzima?"

Nikatafuta kichwani. Nikapekua alasiri yote ya Mwalimu Filipo. "Hakutuma mtu," nikasema.

"Miaka mingapi?"

"Mingi."

"Mpaka njaa ilipowapeleka wenyewe?"

"Mpaka njaa ilipowapeleka."

 Bibi akajifunga kanga yake upya. "Na akafia hukohuko."

"Akafia hukohuko. Lakini aliwaapisha wairudishe mifupa yake."

"Mifupa," akasema. "Hapana. Mtu huyo ana akili, ana moyo wa kusamehe, namkubali. Lakini akienda mbali husahau kusema. Wewe tayari una mdomo wa kusema yako na huna sikio. Nikikuvika na jina lake sitakusikia tena. Nimefiwa na Lusangija mara moja, inatosha."

Nililala nje nikiwa na ghadhabu, na alfajiri nikaondoka bila kuaga. Hilo silisifu. Mwanza niliwaambia wote kwamba mambo yameharibika, na Kaspari, ambaye nilitazamia anicheke, aliendelea kukwangua magamba ya samaki. Kisha akasema, "Umemwambia Mwalimu?" Nikasema kuna faida gani. "Faida gani! Wewe ukinyimwa ugali unavunja sufuria." Akaenda mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumatatu ya juma la mwisho la Kwaresima Mwalimu Filipo alinipakia nyuma ya baiskeli yake mpaka Kigongo, tukaiingiza baiskeli mtumbwini, na mwenye mtumbwi akatutoza watu watatu.

Mwalimu hakuhubiri. Aliamkia "Mwangaluka" kwa Kisukuma chake cha Ukerewe, akala alichopewa, michembe ya viazi vikavu na karanga, akausifu uwanja uliofagiwa. Akamwambia Bibi, "Mama, sikuja kukushinda. Nimekuja kuuliza unataka nini."  Mpaka leo, baada ya vyeti vyote nilivyopata, sijamsikia mtu akijibu swali vizuri kama alivyojibu Bibi.

Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote katika zizi moja. Huwagawa, wengine huwapeleka kwa rafiki wa mbali amfugie, maradhi yakija yasimalize mji. Mfugaji hunywa maziwa na samadi ni yake. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe na ndama ni wa mwenyewe. Akizaa, mfugaji hupeleka habari. Akiugua, hupeleka habari. Akifa, hupeleka ngozi, ili mwenyewe aione na kuamini. "Huyu simtoi," Bibi akasema. "Simtoi kwako, wala kwa Padre wako, wala kwa huyo Yosefu. Namweka kwenu, kama tunavyoweka ng'ombe. Mwiteni mpendavyo mnapomkamua. Lusangija anabaki kwangu, hilo ndilo jina la zizi lake. Na wewe, Mwalimu, ndiye mfugaji. Kila msimu nataka habari. Siku akifa nataka ngozi."

"Bibi!" nikasema, "mimi ni mtu!"

"Nyamaza," wakasema wote wawili.

Mwalimu Filipo alishika udongo wa pale uani, akausugua viganjani, akasema amekubali. Nilidhani ni heshima tu. Nilikuwa na haraka ya kuondoka.

Nilibatizwa asubuhi ya Jumamosi Kuu, katika kanzu nyeupe ya Kaspari, ileile aliyobatiziwa yeye, iliyonizidi kwa shibiri mbili hata nikaishika mbele kama mwanamke anayevuka kijito. Nakumbuka chumvi niliyowekewa kwenye ulimi. Nakumbuka Padre akisema "Yosefu," nami nikigeuka kumtazama huyo anayeitwa. Akasema tena. Kaspari, msimamizi wangu, akanichoma mgongoni kwa kidole: "Ni wewe, waziri." Nikainama, maji yakashuka mpaka masikioni. Nilitazamia kujisikia mkubwa. Nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu, wenyewe hawapo, hajui akae wapi. Nimewaeleza wakatekumeni wengi tangu hapo kwamba jina jipya halikai mara moja, na wengi wamenishukuru, hasa wale wasiotulia. Wiki chache baadaye Mama Jamna aliniazima sanduku la bati lenye kufuli, nikapanda meli, na kanzu ya Kaspari ikiwa ndani, kwa kuwa alisema, "Nenda nayo, itakupwaya hukohuko. Urudishe."

Miaka ya chuo nitaieleza kwa urefu mahali pengine, maana ina mengi ya kujivunia. Hapa niseme lile ambalo sikuwa nikilisema. Mwaka wa kwanza nilianguka mtihani. Mimi. Niliandika barua moja nyumbani kabla ya matokeo, na baada yake sikuandika tena. Nilijiambia nitaandika nitakapokuwa na la kusema, na la kusema kwangu lilikuwa ushindi. Niliurudia mwaka. Nikaugua macho, nikakaa majuma katika chumba cha giza. Nikapona, nikapita, nikapita tena vizuri kuliko wenzangu. Miaka miwili na zaidi sikutuma neno. Kisha nikashuka bandarini Mwanza nikiwa na diploma, viatu vya ngozi na kofia.

Siku ileile nilianza kuwalipa walioniazima. Kaspari nilimpa kanzu mpya, iliyoshonwa kwa kipimo chake, na ile ya zamani nimeifua na kuipiga pasi. Aliivaa hapohapo juu ya nguo za kazi, wachukuzi wakimpigia makofi. Mama Jamna nilimrudishia sanduku, na ndani yake kitambaa cha kushonea. Kisha nikamchukua Mwalimu Filipo, ambaye alikuwa ameanza kuota mvi, tukavuka.

Bibi alimwamkia yeye kwanza, na waliulizana habari kwa muda mrefu kama watu waliozoeana. Mimi alinizunguka. Alinishika vidole, akanifunua midomo akatazama meno, akanitazama macho, moja moja. "Yamepona," akasema. "Mwaka wa pili yalikuwa mabaya."

Nikauliza nani alimwambia, maana sikumwambia mtu. "Mfugaji," akajibu. "Alikuja kila msimu. Alikuja kuniambia umeanguka mtihani. Alikuja kuniambia umefungiwa gizani. Mara moja alikuja na mvua, hana jipya, akasema tu, mama, hajafa."

Nilimgeukia Mwalimu. Alikuwa akitazama chini kwa haya. Akasema hakufanya yeye peke yake. Kila meli iliyotoka upande ule, Kaspari aliulizia. Aliwauliza mabaharia, wapishi, wanafunzi waliorudi likizo, mpaka wakampa jina la utani, na alichopata alikuja kukisema misheni jioni. Na pale bandarini, akiwa amevaa kanzu niliyomletea na watu wakimpigia makofi, hakuniambia hata neno.

Nilikuwa nimeshatoa diploma. Niliishika mkononi nisijue la kuifanya. Kisha nikaketi chini, na viatu vyangu vya ngozi, nikamweleza Bibi miaka yote ile, mwezi kwa mwezi, nikianza na kuanguka. Nilieleza aibu. Nilieleza barua nilizoanza na kuchana. Yeye alichambua mtama, na kila nilipotaka kuruka mahali aliniuliza, "Halafu?" Jua lilikuwa limegeuka nilipomaliza. Mwalimu Filipo alikuwa amesinzia na kuamka.

Bibi akajipangusa mikono. "Sasa deni lako limekwisha," akasema. "Limebaki langu. Ng'ombe akirudi mzima, mwenyewe humtolea mfugaji ndama mmoja wa shukrani."

Nikadakia, kwa kuwa sijawahi kujizuia, kwamba nimeajiriwa, nina mshahara, nitamlipa Mwalimu mimi mwenyewe.

"Tangu lini ng'ombe akamlipa mfugaji?" akauliza, na Mwalimu akacheka mpaka akashika kigoda. Bibi hakucheka. Alikuwa akinitazama, mdomo ukijaribu kitu ambacho haujazoea, kama mtu anayeonja chakula cha wageni. Kisha akaonyesha zizini, palipofungwa mtamba mmoja mwekundu.

"Yosefu," akasema, "nenda ukamfungulie Mwalimu ndama wake."